Kura, Vita na Pesa za Wazee



Hakuna awezaye kusema kwamba Mkenya ni mtu asiye na maoni. Ndani ya matatu, kwenye foleni ya zahanati, katika bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi ambako watu wa Bunge la Mwananchi wamekuwa wakijadiliana kwa miaka mingi, kwenye baraza za kahawa kule Mombasa, na katika uwanja wa kanisa baada ya ibada, watu husema. Husema juu ya bei ya unga na ya mafuta taa, juu ya vijana waliopelekwa Somalia, juu ya malipo ya wazee ambayo yamechelewa tena. Hata hivyo, ukitega sikio utagundua kwamba mambo haya hayasemwi kwa sauti moja. Siasa husemwa kwa kelele. Vita husemwa kwa kunong'ona. Msaada wa serikali husemwa kwa shukrani, kichwa kikiwa kimeinamishwa.

Hoja yangu ni moja. Sauti hizi tatu ni urithi wa utawala wa chama kimoja, na wakati umefika wa kuukataa urithi huo. Kura, vita na pesa za wazee ni jambo moja mbele ya sheria na mbele ya dhamiri. Yote matatu yanahusu namna mali ya umma na maisha ya watoto wa umma yanavyotumiwa. Raia mwenye haki ya kusema juu ya la kwanza ana haki iyo hiyo juu ya mengine mawili. Asipoitumia huko, hata siasa yake itabaki kuwa kelele za kushangilia na kuzomea.

Tuanze na chimbuko la desturi hii. Mwezi wa Juni 1982 Bunge liliingiza Kifungu cha 2A katika Katiba ya wakati ule, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa nguvu ya sheria. Kosa la uchochezi lilikuwamo katika Kanuni ya Adhabu. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki ilikuwa tayari mkononi mwa serikali. Mkutano wa hadhara haukuweza kufanyika bila kibali. Mwaka 1988, katika kura za mchujo za KANU, wapigakura walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea ili ijulikane nani yuko upande gani. Mwananchi akafundishwa masomo mawili. La kwanza, kwamba kuwa na maoni ni kujitafutia balaa. La pili, kwamba kila kinachotoka serikalini, iwe ni barabara, zahanati au mahindi ya manjano ya ukame wa 1984, ni zawadi ya mkubwa fulani, naye apaswa kushukuriwa kwa jina.

Mageuzi yalikuja kwa gharama kubwa. Siku ya Mwaka Mpya 1990 Mchungaji Timothy Njoya alitumia mimbari kuuliza kama mfumo wa chama kimoja ungeweza kudumu baada ya tawala za Ulaya Mashariki kuanguka. Julai 7 mwaka huo, siku ya Saba Saba, watu waliokwenda Kamukunji walikutana na virungu na risasi. Desemba 1991 Kifungu cha 2A kikafutwa. Mwaka 1997, kabla ya uchaguzi, kosa la uchochezi likaondolewa katika Kanuni ya Adhabu, na sheria ya mikutano ikarekebishwa ili waandaaji watoe taarifa kwa polisi badala ya kuomba kibali. Sisi wa rika langu tulikuwa watoto wa shule ya msingi wakati wa Saba Saba. Uhuru tulio nao tuliukuta umelipiwa na wengine. Lakini uhuru tuliojizoeza kuutumia ni wa kusema juu ya vyama na wagombea tu. Juu ya vita na juu ya hifadhi ya jamii tumeendelea na mazoea ya zamani, kana kwamba Kifungu cha 2A bado kinasimama mlangoni na rungu.

Nitazichukua rai tatu ambazo husikika kila siku, nizijibu moja baada ya nyingine.

Rai ya kwanza husema: siasa ni mchezo mchafu, tuwaachie wenyewe, sisi tutafute chakula. Anayesema hivi hana budi kujiuliza chakula hicho kinatozwa kodi na nani. Desemba 1989 hospitali za umma zilianza kutoza ada chini ya mpango wa kugawana gharama. Serikali ilikuwa imebanwa na masharti ya wakopeshaji. Mgonjwa hakuulizwa, wala hakuwa na chama kingine cha kukimbilia. Mwaka uliofuata ada ya wagonjwa wa nje ilisitishwa, kisha ikarudishwa kwa awamu. Tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara amekuwa akikatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, iliyochukua mahali pa ile hazina ya bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966. Tofauti ya nyakati hizo mbili ni hii: Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria, na katika Kifungu cha 201 inataka mambo ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Mwaka 1989 mwananchi alinyamaza kwa sababu alinyamazishwa. Akinyamaza leo, atakuwa ameiacha silaha yake ukutani adui akiwa mlangoni.

Rai ya pili husema: vita ni siri ya serikali, na raia anayehoji anamsaidia adui. Rai hii huvaa joho la uzalendo, kwa hiyo yataka kuchunguzwa kwa utulivu.

Oktoba 2011, baada ya watu kadhaa kutekwa nyara katika pwani ya Lamu na katika kambi za wakimbizi za Dadaab, mawaziri wawili walitangaza kwamba majeshi yetu yangewaandama Al-Shabaab hadi ndani ya Somalia. Operesheni hiyo ikaitwa Linda Nchi. Katiba mpya ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache. Kifungu cha 95 kinalipa Bunge la Taifa mamlaka ya kuidhinisha tangazo la vita. Kifungu cha 240 kinataka idhini ya Bunge majeshi yanapopelekwa nje ya nchi kwa shughuli za kudumisha amani. Lakini Bunge lilipoombwa kuidhinisha majeshi hayo yaunganishwe na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, askari walikuwa wameshavuka mpaka. Mjumbe huwezi kumwuliza kama safari ifae ilhali jahazi limeshang'oa nanga.

Sisemi kwamba hatari ilikuwa ya kubuni. Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wametumwa na wazazi wao kutafuta elimu. Mwenye moyo hawezi kuyapuuza hayo. Swali la raia si kama adui yupo. Swali lake ni lengo la vita ni lipi, vitakwisha kwa dalili gani, vinagharimu kiasi gani, na ni nani atakayetuhesabia waliokufa. Hata mfalme yule katika mfano wa Injili ya Luka aliketi kwanza akapima kama jeshi lake lingetosha kabla ya kutoka kupigana. Sasa ikiwa mfalme hupima, raia anayetoa mwana na kodi anakatazwa kwa nini?

Januari 15, 2016 kambi ya askari wetu huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na kutekwa. Majeneza yakaletwa nyumbani, ibada za kumbukumbu zikafanywa, lakini serikali haikutangaza idadi kamili ya waliouawa. Wakenya wakabaki kusoma makisio ya vyombo vya habari vya kigeni. Hapa ndipo tunapopaswa kupambanua mambo mawili ambayo wakubwa hupenda kuyachanganya. Siri ya operesheni ni ile ambayo ikijulikana leo itamuua askari kesho: njia atakayopita, silaha alizo nazo, saa atakayoondoka. Hiyo itunzwe. Hesabu ya vita ni jambo jingine. Idadi ya waliokufa mwezi uliopita haimwongezei adui kitu, kwa kuwa yeye alikuwapo. Anayefichwa hapo ni mama wa askari na mlipa kodi.

Nao wenye mamlaka wamejaribu kuufanya ukimya huo kuwa sheria. Desemba 2014, katika kikao kilichojaa vurugu, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama. Miongoni mwa mambo mengine, ilimfanya mhalifu mtu anayetangaza habari za kuvuruga operesheni dhidi ya ugaidi bila ruhusa ya polisi. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha sehemu nane za sheria hiyo, zikiwamo zilizobana uhuru wa kusema. Hukumu ile inastahili kujulikana katika kila parokia na kila kijiwe, kwa sababu maana yake kwa raia wa kawaida ni nyepesi: hofu ya ugaidi haitoshi kuwa kufuli la kinywa.

Rai ya tatu husema: ukipewa, shukuru na unyamaze. Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote, kwa kuwa huwakaa zaidi walio wanyonge.

Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii ilianzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watu walioajiriwa. Mkulima, mchuuzi, fundi wa jua kali, mvuvi na mama wa nyumbani walibaki nje, nao ndio wengi. Uzeeni walitegemea watoto wao, na kama watoto walikufa au walikosa kazi, walitegemea Mungu na majirani. Kuanzia mwaka 2004 serikali ilijaribu mpango wa kuzipa fedha familia zinazolea mayatima. Baadaye ikafuata mipango ya wazee, ya watu wenye ulemavu mkubwa, na ya kaya zinazokabiliwa na njaa katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kila mzee aliyetimiza miaka 70 angestahili kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii na kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku thelathini: haifiki shilingi 70 kwa siku. Kiwango hicho cha 2,000 kilikuwapo hata kabla ya 2018, na bei ya unga haikukaa kukisubiri.

Juu ya fedha hizi zimezuka rai mbili zinazopingana, lakini zote huishia mahali pamoja. Wengine husema zinafuga uvivu. Wengine husema ni wema wa mheshimiwa. Wote wawili wanamfanya mzee kuwa mwombaji.

Kwa wa kwanza nauliza: uvivu upi wa mtu wa miaka 75 aliyelima, akabeba maji na kuni, akasomesha? Mzee huyo hakuwahi kupata hati ya mshahara, lakini kodi amelipa. Tangu mwaka 1990 nchi hii imetoza kodi ya ongezeko la thamani, nayo haimwulizi mnunuzi kama ameajiriwa. Aliponunua sabuni alilipa. Aliponunua kandili alilipa. Kinachomrudia uzeeni ni sehemu ndogo ya alichokitoa.

Kwa wa pili nauliza: mheshimiwa alizitoa fedha hizo katika mfuko upi? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaiamuru dola kuwapa hifadhi inayofaa wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na kusaidiwa na familia zao pamoja na dola. Ni wajibu, kama ulivyo wajibu wa mwajiri kulipa mshahara. Mfanyakazi hamwimbii tajiri wake nyimbo za sifa kila mwisho wa mwezi. Hupokea kilicho chake, na kikicheleweshwa huuliza.

Serikali itajibu kwamba fedha hazitoshi. Yawezekana. Lakini waliotunga Katiba waliliona jibu hilo likija kutoka mbali, wakaliwekea mlango. Kifungu cha 20 kinasema, kwa maana yake, kwamba serikali ikidai haina uwezo wa kutimiza haki zilizotajwa katika Kifungu cha 43, ni juu yake yenyewe kuthibitisha kwamba uwezo huo haupo. Mzigo wa ushahidi hauko begani mwa bibi kizee anayesubiri nje ya benki. Uko begani mwa Hazina ya Taifa. Na hapo ndipo vita na pesa za wazee zinapokutana, maana huwezi kuthibitisha kwamba mfuko ni mtupu huku ukikataa kuonyesha kilichotolewa mfukoni kwa ajili ya bunduki, magari na safari. Bajeti ni moja. Shilingi inayopigana Somalia ni shilingi isiyokuwapo Kitui wala Kilifi. Pengine ilifaa ipigane, pengine haikufaa, lakini anayepaswa kushawishiwa ni mwenye shilingi.

Waumini wenzangu wanaoona kwamba kunung'unikia mgawo ni utovu wa adabu wakumbuke sura ya sita ya Matendo ya Mitume. Wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wao wakanung'unika. Mitume hawakuwaambia washukuru kwa kidogo. Walikiri kwamba kuna kasoro, wakaita mkutano, wakautaka uchague watu saba wenye sifa njema wasimamie ugawaji. Kanisa la kwanza lilipokea malalamiko juu ya msaada na likayajibu kwa kurekebisha utaratibu. Mwenendo huo ulionekana pia hapa kwetu Novemba 2024, pale Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliporudisha michango ya fedha iliyotolewa na wanasiasa katika parokia yake moja. Fundisho lake ni kwamba si kila mkono unaotoa unatoa bure.

Siku ambayo mambo haya matatu yalikutana mchana kweupe ni Juni 25, 2024. Kwa wiki kadhaa vijana walikuwa wameusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa Kiswahili na lugha nyingine ili mama sokoni aelewe kodi ya mkate ingemfikiaje. Siku hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, na watu wakapigwa risasi. Waziri wa Ulinzi akatangaza katika Gazeti Rasmi kwamba jeshi lingewasaidia polisi. Bunge likaidhinisha hatua hiyo kesho yake, jeshi likiwa limeshatangazwa, sawa na mwaka 2011. Na siku iyo hiyo kikosi cha kwanza cha polisi wetu kilitua Port-au-Prince, Haiti, kwenda kuwalinda raia wa nchi nyingine. Miezi mitano kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halikuwa na mamlaka ya kupeleka polisi nje ya nchi kwa namna ile iliyokusudiwa. Serikali ikatia saini makubaliano na Haiti, ikaendelea.

Kodi, jeshi na msafara wa ng'ambo, yote katika siku moja. Juni 26 Rais alikataa kuutia saini Mswada huo. Ilipofika katikati ya Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 50 waliokufa katika maandamano. Vijana wale hawakuwa na chama wala mgombea. Walikuwa na maoni ya kila siku, yale yale ya matatu na ya kijiweni, isipokuwa safari hii yalikuwa yamesomewa. Kwamba waliuawa kwa ajili yake inatosha kutuonyesha kwamba maoni ya mwananchi si porojo. Porojo haipigwi risasi.

Lakini nisieleweke vibaya. Maoni ya kila siku hayawi haki kwa kuwa tu yametoka kinywani mwa maskini. Mwaka 2007 na 2008 maneno yaliyoanzia vijiweni na redioni yalichangia ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya mabomu, uvumi wa mitaani ulisema kila Msomali ni adui. Katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo Wakenya wenye vitambulisho. Wengi wetu tulinyamaza, na wengine tukashangilia. Vilevile husikika rai kwamba watu wa kaskazini wanalishwa na jasho la wengine. Asemaye hivyo ajue kwamba wananchi wale waliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960 hadi 1991, kwamba walipata mauaji ya Wagalla Februari 1984, na kwamba mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yaliyotendwa huko kati ya 1963 na 1967. Tukizungumzia madeni, tuhesabu yote.

Kipimo changu cha maoni yanayostahili kuitwa ya raia ni hiki: je, ungeweza kuyasema mbele ya yule unayemsema, ukampa nafasi ya kujibu, na ukaonyesha msingi wa maneno yako? Yakipita hapo, yaseme hadharani bila woga. Yasipopita, ni masengenyo, hata kama umati mzima unayapigia makofi.

Sasa tufanye nini? Sina dawa ya ajabu. Nina mambo manne ambayo kundi lolote la watu kumi katika parokia, msikiti au mtaa laweza kuyaanza bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwanza, tuulize kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa dola, na ofisi husika yapaswa kujibu ndani ya siku 21. Uliza ni wazee wangapi wa kata yako wameandikishwa, ni wangapi walilipwa, na ni miezi mingapi ingali deni. Weka nakala ya barua. Ukikataliwa, kataa hiyo nayo iwe kwa maandishi.

Pili, tuijue kalenda ya bajeti. Taarifa ya sera ya bajeti hufikishwa Bungeni kabla ya katikati ya Februari, na makadirio ya matumizi kabla ya mwisho wa Aprili. Anayesubiri hotuba ya Juni amefika sokoni wakati mabanda yanafungwa. Maoni ya kiasi cha pesa za wazee na ya gharama za ulinzi yapelekwe mapema, pamoja, katika waraka mmoja, ili mbunge asipate kuyatenganisha.

Tatu, tutumie haki ya kupeleka maombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119. Haihitaji wakili. Yahitaji jambo lililoelezwa vizuri, ombi lililo wazi na saini. Ombi moja lingetosha kwa kuanzia: kwamba kila mwaka ambao askari wetu wako nje ya nchi, Bunge lipewe na kuchapisha idadi ya waliokufa, idadi ya waliojeruhiwa na gharama ya shughuli hiyo, na lieleze familia zao zinatunzwaje.

Nne, tusafishe lugha yetu na mimbari zetu. Tuache kusema mheshimiwa ametupa, tuseme serikali imelipa, au haijalipa. Msimamizi wa ibada asikubali fedha za umma zitangazwe madhabahuni kama sadaka ya mtu. Na katika kila kanisa wapatikane watu wawili watatu wenye sifa njema, kama wale saba, wa kumsindikiza mzee kwenye ofisi ya usajili, kumsomea fomu, na kurudi naye asipojibiwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Waliovunja Kifungu cha 2A hawakuanza na umati wa Kamukunji. Walianza na barua, mahubiri, kesi, na watu wachache waliokubali kusema kwa sauti ya kawaida mambo ambayo kila mtu alikuwa akiyanong'ona. Kizazi kile kilitupatia haki ya kuchagua nani atutawale. Kilichobaki ni kwetu: kumwuliza aliyechaguliwa amempeleka wapi mwana wetu, na amemfikishia mzee wetu kiasi gani. Maswali hayo mawili yaulizwe Jumapili hii baada ya ibada, na yaulizwe kwa sauti ile ile tunayoipigia siasa.